Tuta Ambalo Hakuna Babu Aliyelichimba

Risala ya Kikundi cha Wachimba Mtaro na Wasoma Vigingi wa kitongoji cha Tutani, Hanang, kwa Mgeni Rasmi, siku ya kuweka jiwe la msingi la wodi ya mama na mtoto. Inasomwa na Hilaria, katibu.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa, viongozi mliofuatana naye, wazee wetu, shikamooni, mafundi, akina mama mlioacha viazi shambani, na ninyi watoto mliokaa juu ya rundo la mchanga, shukeni taratibu, mchanga ule una kazi.

UKARIBISHO

Karibu sana Tutani. Baridi hii uliyoikuta ndiyo yetu ya kila siku, hatukuiandaa kwa ajili yako. Ikikuzidi, blanketi lipo hapo nyuma ya kiti chako, limefuliwa jana.

Sisi tunaosema nawe ni watu kumi na wanne, wanawake tisa na wanaume watano, wakulima wa viazi, ngano na maharage. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, na baadhi tumeongezea masomo ya jioni, watoto wakiwa mgongoni. Hatukuja na ngoma kwa sababu ngoma ingetikisa kifaa fulani tutakachokueleza mbele.

Tunajua umekuja na jiwe. Tumeliona kwenye gari, limeandikwa vizuri, na jina lako halijakosewa. Tumelifurahia mno. Jambo letu leo ni moja tu, nalo ni mahali pa kuliweka. Tunakuomba utusikilize mpaka mwisho kabla hujashika mwiko. Chai haitapoa, iko kwenye chupa.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, ukigeuka kidogo utaona nyuma yako ardhi imepanda ghafla, kimo cha mtu mzima, imeota majani ya tembo juu yake. Hilo ndilo tuta lililotupa jina. Halianzii hapa. Linatoka upande wa Gitting, linavuka korongo, linapanda vilima, linashuka, linaelekea upande wa Mbulu, kilomita ishirini na sita, karibu bila kupinda.

Sisi watu wa milimani tukiona ardhi imepanda ghafla namna hiyo, tunajua kuna mtu alifanya kazi. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo kila ukoo ulikuwa na babu yake aliyelichimba. Ukoo wa Mzee Gidamis ulisema babu yao alilichimba kwa jembe moja, msimu mmoja. Ukoo wa Mzee Nikolausi ulisema ni babu yao, na jembe lilivunjika katikati akamalizia kwa mpini. Kila mwaka tulilipandia majani ya tembo, tukaziba palipomomoka, tukawaambia watoto, “Mnaona wazee walivyokuwa hawalali?” Hakuna aliyekaa akajiuliza ni babu gani huyo aliyechimba kilomita ishirini na sita asipumzike hata kwenye korongo.

Tena tuta hilo lilikwenda mpaka barazani. Mwaka 1998 Mzee Gidamis na Mzee Nikolausi waligombea kipande cha shamba kilichoko upande wa juu wa tuta. Mzee Gidamis akasimama akasema, “Aliyechimba tuta ndiye mwenye huku na huku.” Baraza likakubali, akashinda. Tangu hapo wazee hawa wawili walikuwa wanasalimiana kanisani tu, tena kwa kichwa.

Sasa ulipofika mwito wa kujenga wodi, Mzee Gidamis alitoa kiwanja, hapa hapa tulipo, chini ya tuta. Kiwanja kizuri: ni tambarare, na chemchemi inatoka penyewe kwenye mguu wa tuta. Tulimpigia makofi mpaka akafuta macho. Kina mama wa hapa wanajua thamani ya kiwanja hicho, maana zahanati iliyo karibu ni kilomita kumi na nne. Tulijitolea nguvu kazi, tukachimba msingi kwa siku nne, ramani ikachorwa, ikasainiwa. Hayo yote ni kabla ya mtaro.

MTARO

Disemba 2023 tope lilishuka kutoka mlima Hanang. Hatutalisimulia, kila aliyepo hapa analijua. Baada ya msiba ule watu waliacha kuutazama mlima kama picha ya ukutani, wakaanza kuuliza maswali. Na Julai iliyofuata, mavuno yakiwa yamekwisha, akaja mtaalamu wa miamba kutoka chuo kikuu, Daktari Loveness, akiomba watu wa kuchimba mtaro ukatize tuta, kwenye shamba la Mzee Gidamis, mita mia moja kutoka hapa.

Kwanza tuungame. Siku ya kwanza tulisikia “daktari” tu, na saa mbili asubuhi kulikuwa na foleni ya wagonjwa. Bibi mmoja alifika akamwonyesha goti. Daktari Loveness alilishika goti kwa heshima akasema, “Bibi, mimi natibu ardhi.” Bibi akajibu, “Basi tibu hii ya kwangu, haizai siku hizi.”

Kati ya wachimbaji alikuwepo mwenzetu Marieta, mkwe wa Mzee Gidamis, mke wa Patriki, mtoto wa mwisho wa mzee huyo. Ndiye huyo mwenye kitenge cha bluu, anayeangalia chini. Tulimwomba asome risala hii akasema atacheka njiani. Basi tutamsimulia sisi.

Marieta alikuwa na mimba ya miezi sita. Msimamizi alipomwona ameshika jembe akamwambia, “Wewe, mama, utapika chai.”

“Chai atapika mwenye mikono laini,” Marieta akajibu. “Mimi nimevuna viazi hapa juu na mimba mbili. Hii ya tatu inalijua jembe.”

Alipewa kazi ya kukwangua ukuta wa mtaro kwa mwiko mdogo, polepole, mpaka rangi za udongo zitokeze. Kazi hiyo ilimkaa. Alikuwa na subira ya mtu anayemenya viazi vya harusi. Aliuona udongo umepangwa kama vitenge ndani ya sanduku: mwekundu, wa kijivu, kisha ukanda mweusi wa majivu ya volkano, mwembamba kama kiganja, halafu mwekundu tena. Aliupenda ule ukanda mweusi. Aliufuata kwa mwiko siku tano, kuanzia juu ya tuta kuja chini, akiusafisha kama anavyosafisha uso wa mtoto.

Siku ya sita ukanda ukakatika. Kabisa, kama uzi uliong'atwa. Marieta akakwangua mbele, hakuna. Akadhani ameuharibu yeye. Jasho likamtoka, akatazama huku na huku kama mtu aliyevunja sahani ugenini. Alipoinama kushika mgongo ndipo akauona: uko karibu na nyayo zake, unene ule ule, weusi ule ule, unaendelea zake upande wa pili, mita moja na sentimita sabini chini zaidi.

“Daktari!” akaita. “Njoo uone. Udongo wangu umeanguka.”

Daktari Loveness alishuka, akaweka kiganja kimoja kwenye ukanda wa juu na kingine kwenye ukanda wa chini. Kisha akasema, “Marieta, hujaharibu kitu. Huu ndio ufa wenyewe ninaoutafuta.”

Alitukusanya mtaroni akatueleza kwa lugha yetu. Alisema, ardhi ya upande huu na ardhi ya upande ule ni kama ng'ombe wawili waliobanana kwenye mlango wa zizi. Wanabanana, wanabanana, huoni hata mmoja akisogea. Siku mmoja akiponyoka, mlango wote unatikisika. Tuta letu ni alama ya maponyoko hayo. Yalitokea angalau mara mbili, kila mara kama sentimita themanini na tano. Vipande vya mkaa ambavyo Marieta mwenyewe aliviokota kwenye tabaka vilipelekwa maabara, vikarudi na majibu: mara ya mwisho ilikuwa yapata miaka mia saba iliyopita, na iliyotangulia ni yapata miaka elfu nne. Ufa wa urefu huu ukiponyoka wote kwa pamoja unaweza kutoa tetemeko la ukubwa kati ya sita na nusu na saba. Tulimwuliza lini. Akasema hajui, na atakayetuambia anajua tumwogope.

Mheshimiwa, msingi wa wodi tulikuwa tumeuchimba kwenye mstari huo huo. Chumba cha kujifungulia, kwa ramani iliyosainiwa, ufa unapita katikati yake.

MZEE GIDAMIS ANASHUKA

Marieta alilijua hilo kabla yetu, kwa sababu alihesabu hatua mwenyewe. Lakini kiwanja ni cha baba mkwe. Mkwe wa kwetu hamwambii baba mkwe kwamba zawadi yake ina kasoro, na zaidi ya hapo, hamwambii kwamba babu yake hakufanya kazi aliyosifiwa nayo. Siku tatu alimtengea chakula bila neno. Siku ya nne akapiga goti.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umenisalimia mara ya pili leo, mama. Sema.”

“Nilikuwa naomba uje uone kitu mtaroni.”

“Shimo la kimo cha mtu sitaingia nikiwa hai.”

“Nimekuwekea ngazi, baba. Na kigoda. Na maziwa ya mgando.”

“Maziwa yako wapi?”

“Yako chini, baba.”

Mzee akashuka. Alikaa kigodani akanywa nusu ya kibuyu kwanza, bila kutazama ukuta. Kisha akainuka, akaweka ncha ya fimbo kwenye ukanda mweusi wa juu, akaufuata hadi ulipokatika, akatafuta, akaukuta chini. Marieta alisimama nyuma yake ameshika tumbo, mtoto akimpiga teke.

Mzee Gidamis ameshika jembe miaka sitini. Hakuhitaji daktari. Alisema, “Jembe likishusha udongo linauvuruga. Hapa hakuna kilichovurugika. Umeshuka ukiwa umelala hivyo hivyo, kama mtoto aliyehamishwa na shuka lake.” Akaiondoa fimbo ukutani. “Basi babu hakuchimba.”

“Pole, baba.”

“Usinipe pole. Mpe Nikolausi. Nimekula shamba la mtu miaka yote hii kwa kazi ya tetemeko.”

Alimalizia maziwa, akapanda ngazi, akaenda kwa Mzee Nikolausi bila kofia. Mzee Nikolausi alikuwa anakamua. Waliokuwepo wanasema mazungumzo yalikuwa hivi:

“Nikolausi, babu yangu hakuchimba lile tuta.”

“Naelewa. Alichimba wangu.”

“Wako naye hakuchimba. Njoo uone.”

Wakashuka wote wawili, kigoda kikiwa kimoja, wakapokezana. Walipotoka walikuwa wanacheka kama vijana waliotoroka ibada. Kesho yake, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Gidamis alirudisha kile kipande cha mwaka 1998. Na Mzee Nikolausi, ambaye hakuombwa chochote, akasema nyuma ya kipande hicho ana sehemu ambayo jembe lake linagonga mwamba kila msimu. “Nimelilaani shamba lile zaidi ya miaka thelathini,” akasema. “Kumbe lilikuwa linasubiri nyumba. Jengeni wodi pale.”

Pale ni hatua mia mbili na arobaini kutoka hapa, upande wa juu wa tuta, mbali na mstari. Daktari Loveness alipapima. Alisema tetemeko likija patatikisika pia, asitudanganye mtu. Lakini hapatapasuka chini ya kitanda cha mzazi, na mwamba hutikisika kidogo kuliko udongo huu laini wenye maji tunaoukanyaga sasa.

TULICHOFANYA TANGU HAPO

Hatukukaa tukatetemeka kabla ya tetemeko. Tumepigilia vigingi pande zote za ufa, jozi tisa, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunapima umbali kwa utepe na kuandika daftarini. Kwa miezi kumi na tano havijasogea hata unene wa ukucha. Tulitaka kushangilia, Daktari akatukumbusha: ng'ombe waliobanana ndio hao hao wasiosogea. Tunaendelea kupima.

Tumepita nyumba kwa nyumba, zote mia mbili na kumi na mbili. Thelathini na moja ziko juu ya mstari au zinaugusa. Hatujamfukuza mtu. Tumekubaliana tu kwamba hakuna nyumba mpya ndani ya hatua hamsini za tuta, na anayejenga upya anasogea. Familia mbili zimeshahamisha majiko, na moja imehamisha zizi, kwa maneno ya mwenye zizi, “ili ng'ombe wa mfano wasije wakawa wangu.”

Kifaa cha kupima mitetemo kimefukiwa uani kwa Marieta, kina sola yake na kinatuma taarifa chuoni. Mwezi wa kwanza Daktari alipiga simu kwa wasiwasi. “Marieta, kila siku saa kumi na mbili asubuhi kuna mtetemo kwako, dakika ishirini, unadunda sawasawa. Nini hicho?”

“Ni mama mkwe, Daktari. Anatwanga mahindi ya makande.”

Kinu kimehamishiwa nyuma ya nyumba ya jirani. Ndiyo maana, Mheshimiwa, leo hakuna ngoma.

CHANGAMOTO

Hazikosekani. Wapo wanaosema tunaliita tetemeko kwa kulitaja. Tunawajibu kwamba miaka mia saba iliyopita halikutajwa na mtu, na bado lilikuja.

Kiwanja cha juu hakina maji. Chemchemi zote zinatoka kwenye mguu wa tuta, kwa sababu ufa wenyewe ndio unaoyapandisha maji. Kitu kile kile kinachotupa maji ndicho kinachotukataza kujenga hapa.

Na iko ramani. Ramani iliyosainiwa inaonyesha hapa chini. Tuliandika barua ya kuomba ibadilishwe, tukaambatanisha taarifa ya Daktari na mchoro wa Marieta wa ule ukanda mweusi. Ni wiki ya tisa sasa. Hatumlaumu mtu, karatasi nazo hupanda milima. Fundi mkuu, ambaye ni mgeni kwetu na anatuheshimu sana, alituambia wazi, “Mimi najenga palipo na jiwe. Jiwe likikaa chini, najenga chini.”

Ndiyo maana tumekuandikia risala ndefu, Mheshimiwa. Umekuja na jiwe lenyewe.

MAOMBI

Tunaomba jiwe liwekwe juu.

Hilo likikubaliwa mengine ni madogo, na nusu yake tunayabeba wenyewe. Kuta zifungwe kwa linta ya zege mzunguko mzima, isikatwe mahali popote, na kila pembe iwe na nondo. Paa liwe la bati jepesi. Maji yapandishwe kwa pampu ya sola na bomba. Mtaro wa bomba tutauchimba sisi, kuchimba tunajua. Bomba lenyewe lisiwe la chuma kigumu hapo linapovuka ufa, Daktari anashauri liwe la plastiki linalopinda. Na tunaomba mtu mwenye uwezo wa kufungua milango aifuatilie ile barua, isije ikazeeka ikiwa njiani.

HITIMISHO

Mtoto aliyekuwa anapiga teke mtaroni anaitwa Brightness. Ana mwaka mmoja na mwezi mmoja, ndiye huyo aliyelia nilipotaja tetemeko. Alizaliwa nyuma ya pikapu ya viazi, juu ya magunia, kilomita sita kabla ya zahanati, Marieta akiwa ameshika ubao wa pembeni na mama mkwe akimwambia dereva, “Baba, pole pole, lakini haraka.” Wodi hii haitamfaa tena Brightness kwa kuzaliwa. Tunaihesabia miaka ishirini na tano mbele, siku atakapoingia yeye kwa miguu yake na kulala kitandani, na sisi nje tukisubiri. Tunataka siku hiyo asiwe na la kuogopa zaidi ya uchungu wake. Tunaamini itakuwa hivyo. Tumeuona udongo, tumeusoma, hatuna tena sababu ya kukosea.

Mheshimiwa, sisi ni raia watiifu. Shimo la jiwe hapa chini lipo, kama ramani inavyosema. Hatukulifukia. Lakini juu nako kuna shimo, tumelichimba juzi, na jembe liligonga mwamba baada ya futi moja na nusu. Njia tumeifyeka. Ni hatua mia mbili na arobaini, tumezihesabu kwa mguu wa mama mjamzito, wala si wa mwanajeshi. Nusu ya njia kuna benchi. Vijana sita wamejiandaa kulibeba jiwe.

Pengine umejiuliza kwa nini mtoa kiwanja hayupo kwenye viti vya mbele, na kiti chenye jina lake kiko wazi. Si mgonjwa, wala hajakasirika. Mzee Gidamis yuko kule juu pamoja na Mzee Nikolausi, tangu saa moja asubuhi. Wameshachanganya zege, wanalinyunyizia maji lisikauke. Tulipompelekea ujumbe kwamba umefika, ashuke akupokee, alituma jibu: anakusalimia sana, anakuomba radhi, yeye hashuki tena chini ya tuta kwa ajili ya nyumba. Anakusubiri na mwiko.

Mungu aipe nguvu miguu yako leo, ailinde nyumba uliyoiacha, na ardhi unayoikanyaga popote uendapo itulie.

Ni sisi,
Kikundi cha Wachimba Mtaro na Wasoma Vigingi,
Tutani, Hanang.